Rubani Aliyekufa Mwaka wa Arobaini na Moja

Maskati, 6 Septemba 2024

Mamangu mpenzi,

Asalaam alaikum. Nakubusu mkono, na nauliza hali ya magoti na ya masikio. Umesema simu inakuchosha, kwamba sauti yangu inakufikia kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Basi nitakuandikia, nawe unijibu kwa kompyuta ile niliyokuletea. Najua vidole vyako havijasahau kazi. Mimi mzima, alhamdulillahi. Shule zimefunguliwa, nimeongezewa madarasa mawili ya hesabu, na jua la huku bado halijaingiwa na huruma.

Nina habari njema. Lile shirika la vitabu la Nairobi limekubali kuvitoa upya vitabu vyote vitano vya marehemu baba. *Wana wa Kilimia* vitarudi madukani, Mama! Mhariri wao anaitwa Joab. Alivisoma akiwa shule, na anasema ndivyo vilivyomfanya apende vitabu. Wamenitaka mimi nivipitie kabla havijaenda mtamboni, kwa sababu kuna jambo jipya tunaongeza: mwisho wa kitabu cha tano patakuwa na orodha ya miaka, tangu siku watu walipoiacha dunia kwa ile merikebu ya nyota hadi siku wajukuu wao waliposhuka Kilimia. Wasomaji wanaitaka mno. Wana kundi lao mtandaoni ambako hubishana kama wazee wa baraza.

Unamjua baba alivyokuwa na tarehe. Hata hivyo nimekwama mahali patatu.

Kitabu cha kwanza, safari ya kutoka Mwezi Mdogo hadi Bandari ya Juu huchukua siku tisa. Kitabu cha tatu, siku nne. Vipi?

Sayari ya Kilimia ina miezi miwili. Kitabu cha tatu mara inakuwa nayo mitatu.

Kamanda Mwanabaraka alizaliwa njiani, mwaka wa kumi wa safari. Mbona katika kitabu cha tano anakumbuka ladha ya maji ya bahari? Bahari aliionea wapi?

Wewe ndiwe uliyepiga taipu kazi zake. Nisaidie.

Mwanao,
Jaffar


Mji wa Kale, 15 Septemba 2024

Mwanangu Jaffar,

Wa alaikum salaam. Busu limefika, nami nimekubusu kichwa. Magoti ni yale yale, hupanda ngazi kwa kubembelezwa. Masikio usiyaulize. Juzi Rahaf wa mamako mdogo, ambaye siku hizi analala kwangu, aliniambia gesi imekwisha, nami nikamwitikia "amin".

Niliposoma habari ya vitabu nilipiga kigelegele peke yangu ukumbini. Jirani akaja mbio kuuliza nani anaolewa. Nikamwambia ni Abdulhadi, mume wangu. Akaniangalia kwa huruma, maskini, akaniletea mahamri.

Sasa maswali yako. La siku tisa na siku nne: soma tena kitabu cha pili, pale mafundi wanapoufungua Mlango wa Kusi. Njia ikawa fupi. Babako alinirudishia ukurasa ule mara kadhaa kwa sababu ya siku hizo, hadi nikamwambia nitampelekea merikebu yake kwa mkokoteni.

Mwezi wa tatu ni kosa la karani. Kitabu cha tatu sikukipiga mimi.

La bahari silijui. Nimekaa nalo tangu asubuhi, hata mbaazi zikashika chini. Nikifikiri babako alisahau, moyo hauafiki. Nikifikiri hakusahau, sioni mlango. Wewe ndiwe mwenye hesabu, litafute.

Unakula? Yule mwenzio wa nyumba bado yuwapika wali bila chumvi?

Mamako


Maskati, 28 Septemba 2024

Mamangu mpenzi,

Asalaam alaikum, na mkono wako naubusu. Natumai mpo salama, wewe na Rahaf. Mimi nilipata mafua, yamepita. Wali sasa una chumvi, nimeuchukua mwenyewe usimamizi wa jiko.

Mama, nimeliona! Kitabu cha kwanza, sura ya sita. Merikebu inapoondoka, bibi yake Kamanda anapakia pipa la maji ya bahari kwa ajili ya dawa, na watoto wachanga wote wa merikebuni wanaogeshwa kwa tone lake. Mwanabaraka aliilamba bahari akiwa na siku saba. Baba alilitia pipa lile katika kitabu cha kwanza, akalifungua katika cha tano. Nilikuwa chumba cha walimu, nikacheka kwa sauti. Wenzangu wakadhani nimepata uhamisho.

Sasa limebaki moja ambalo sikulitaja, na hili halina pipa.

Kitabu cha pili, Rubani Kingi anakufa. Shaka haipo. Mlango wa Kusi unafungwa kwa upande mmoja tu, Kingi anabaki upande wa moto ili wenziwe wapite. Ni mwaka wa arobaini na moja. Wanamlilia, jina lake linachongwa ukutani. Halafu kitabu cha nne, mwaka wa arobaini na nne, watu wamekaa Bandari ya Juu baada ya kazi, na Kingi anawamiminia chai. Mistari sita. Hakuna anayeshtuka. Ukurasa ukigeuka hayupo, wala hatajwi tena hadi mwisho wa vitabu.

Joab nami tumeonelea jina libadilishwe, awe Kombe, fundi wa mitambo. Huyo alikuwa hai mwaka ule. Neno moja tu, na kosa litakuwa limeondoka.

Mwanao,
Jaffar


Mji wa Kale, 9 Oktoba 2024

Mwanangu,

Salaam nyingi. Sisi wazima.

La bahari limenifurahisha sana. Nimemsomea Rahaf mara mbili.

Hilo la Kingi liache lilivyo.

Mamako


Maskati, 12 Oktoba 2024

Mamangu,

Asalaam alaikum. Nimefurahi kusikia mko wazima. Huku pia salama.

Nisamehe nikilirudia. Ningeliacha kama lisingekuwa linaniuma mimi.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, baba alialikwa kusoma kitabu chake kwenye ukumbi ule karibu na Ngome ya Yesu. Wewe hukwenda, ulikuwa na homa. Nilikaa nyuma, nimevaa kanzu mpya, najiona mtoto wa mtu mkubwa. Kijana mmoja akanyoosha mkono, akasema: "Mzee Abdulhadi, chai ile ya Kingi, aliichemshia peponi?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Baba akavua miwani, akaipangusa, akasema, "Uzee huo, mwanangu. Mtu husahau." Wakacheka tena. Njiani kurudi nyumbani sikumshika mkono.

Baba hakuwa mtu wa kusahau. Pengine alichoka siku ile, nani asiyechoka? Lakini wale wa mtandaoni mpaka leo wanalitaja kosa hilo kabla ya kutaja jina lake. Nataka mtoto atakayekifungua kitabu mwakani asimcheke babangu. Nimekosea kutaka hivyo?

Niambie sababu, nami nitanyamaza.

Mwanao,
Jaffar


Maskati, 3 Novemba 2024

Mamangu mpenzi,

Asalaam alaikum. Wiki tatu sasa sijapata neno lako. Nimemwuliza Rahaf, anasema unakula, unalala, na jioni unamtaka akupeleke ufukweni Mama Ngina kwa tuktuk. Anasema mnanunua kachiri za muhogo na huzili, unakaa tu ukitazama watu wakipita na watoto wao. Kompyuta unaifungua, kisha unaifunga.

Kama nimekuudhi, nigombeze. Nimezoea kugombezwa nawe, hili la kunyamaziwa silijui.

Mwanao,
Jaffar


Maskati, 20 Novemba 2024

Mamangu,

Asalaam alaikum. Naomba uwe katika afya njema.

Joab hawezi kungoja zaidi, mtambo una zamu yake. Leo nimemwambia aweke Kombe. Nimeona nikujulishe mwenyewe, usije ukakutana nalo kitabuni.

Sikufanya kwa kukudharau. Nimefanya kwa ajili ya baba.

Mwanao,
Jaffar


Mji wa Kale, 1 Desemba 2024

Mwanangu Jaffar,

Wa alaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sikukukasirikia. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na kila nilipopapata nikapakimbia. Keti sasa, usome polepole.

Unajua ulikuwa na dada. Picha yake unaijua, ile iliyo juu ya kabati, mwenye gauni la mistari na jino lililong'oka. Jina lake unalijua. Zaidi ya hapo hujui, kwa kuwa ulizaliwa sisi tumeshajifunza kunyamaza, nawe ukajifunza kwetu kama ulivyojifunza kula kwa mkono wa kulia.

Yumna ndiye msomaji wa kwanza wa babako. Kusoma kwenyewe alikuwa hajui sawasawa, lakini kila alasiri babako akitoka kazini alimketisha barazani akamsomea alichoandika. Katika watu wote wa merikebu ile alimtaka mmoja tu, Kingi. Alivaa sufuria yangu kichwani, akakaa dirishani na kifuniko mkononi, akairusha nyumba hii kwenda kwenye nyota. Ukimwita hakuitika ila umwite "Rubani".

Basi babako akafika pale Mlango wa Kusi. Akamsomea. Mtoto akasikiliza hadi mwisho, akasimama.

"Baba, umemuua?"

"Mlango ule hufungwa kwa upande mmoja, Yumna. Lazima mtu abaki."

"Si mlango ni wako? Ungeutia komeo pande zote mbili."

Babako alicheka, lakini nilimwona ameguswa. Yumna hakula naye chakula cha mchana wiki nzima. Alichukua sahani yake akaja kula nami jikoni, akimtazama kwa pembeni kama mtu mzima aliyevunjiwa ahadi. Kisha wakapatana, kwa maana hakuna aliyeweza kukaa na mwenzake mbali.

Kitabu kikachapwa. Miezi michache baadaye Yumna alirudi kutoka chuo cha Kurani na homa, shingo imekaza. Madaktari walijitahidi. Kabla ya Ijumaa tulikuwa tumemzika. Alikuwa na miaka saba.

Niliifunika mashine ya taipu kwa kanga. Kitabu cha tatu babako akakipeleka kwa karani wa Makadara, ndiyo maana Kilimia ikapata mwezi usiokuwa wake. Sikutaka kuona neno lolote la merikebu ile. Nyumba hii, mwanangu, ilikuwa kimya hata paka wa mtaani waliacha kuja.

Alipomaliza kitabu cha nne alinijia, ameshika karatasi zake kwa mikono miwili.

"Afaf, makarani siwawezi. Nipigie wewe."

Nikamwuliza, "Kingi yumo?"

"Kingi amekufa."

"Najua amekufa. Nakuuliza kama yumo."

"Haiwezekani. Alikufa mwaka wa arobaini na moja, na huu ni wa arobaini na nne. Watu watasemaje?"

"Mtie, Abdulhadi. Sitaki apigane, sitaki afufuke kwa miujiza, sitaki unieleze ametokea wapi. Nataka nimwone amekaa na wenziwe. Mara moja tu. Usipomtia, sichapi."

Akaondoka na karatasi zake. Mtu yule ambaye kwa siku moja iliyopungua angeandika upya sura nzima! Asubuhi nikakuta mistari sita kando ya mashine, mwandiko umepinda, mahali pengine wino umechuruzika. Unaijua mistari yenyewe. Kingi anamimina chai, anaanza na aliye mdogo, anauliza kama sukari inatosha. Nikaiondoa kanga. Nikapiga. Ndiyo siku niliyorudi kula.

Siku ile ya ukumbi alinihadithia aliporudi. Nikamwambia, waeleze, unabeba aibu ya nini? Akasema, "Wakijua watatuhurumia, na mimi Kingi sitaki ahurumiwe. Waache wacheke. Kicheko hakimtoi pale alipokaa."

Kwamba hukumshika mkono sikujua. Hakunena. Aliniambia tu, "Jaffar alipendeza na kanzu yake."

Sasa umejua. Kitabu umekikabidhi wewe, na lililopita mtamboni sina nguvu nalo. Nilitaka tu usidhani kwamba babako alisahau.

Mamako


Maskati, 29 Desemba 2024

Mamangu mpenzi,

Asalaam alaikum. Mkono wako nimeubusu mara nyingi mwezi huu bila kuandika. Nilianza barua nne. Ya kwanza ilikuwa ndefu kuliko yako, na yote ilikuwa maneno tu.

Siku nilipoipata yako nilitoka darasani, nikampigia Joab. Akaniambia kurasa za kitabu cha nne zimeshakwenda. Nikamwambia zirudishwe. Akasema, "Bwana Jaffar, wewe ndiwe uliyeshikilia." Nikamwambia kweli, ni mimi, nami ndiye ninayekuomba. Akauliza sababu. Sikuwa na ruhusa yako ya kumweleza, nikamwambia, "Mamangu amesema Kingi akae." Nikasikia kalamu yake ikigonga meza. Kisha akasema, "Kitabu cha nne kitachelewa hadi baada ya Ramadhani. Basi kichelewe."

Kingi amerudi mahali pake. Nimeona ukurasa kwa macho yangu, haujaguswa hata nukta.

Orodha ya miaka nimeimaliza pia. Mwaka wa arobaini na moja nimeandika: *Rubani Kingi afa Mlango wa Kusi.* Mwaka wa arobaini na nne nimeandika: *Rubani Kingi awamiminia wenziwe chai, Bandari ya Juu.* Yote mawili, bila alama ya kuuliza. Joab ameuliza kama tutie maelezo madogo chini ya ukurasa. Nimemwambia neno hilo ni lako.

Mama, nina miaka thelathini na mitatu na ndiyo kwanza nakaa nikifikiri kwamba alikuwako mtoto mwengine aliyepanda ngazi zile. Nafundisha watoto wa umri wake. Nilikuwa nawaona darasani bila kuwaza, sasa siku nyengine lazima nigeukie ubao wasinione uso.

Nitakuja Idi, inshallah, likizo nimeshaomba. Lakini usiningoje. Niandikie habari za Yumna. Kufa kwake umenihadithia. Nataka mengine yote.

Mwanao,
Jaffar


Mji wa Kale, 10 Januari 2025

Mwanangu Jaffar,

Wa alaikum salaam. Mimi mzima, Rahaf mzima, na chumba chako kinapakwa chokaa. Fundi ni mvivu lakini ana adabu, kwa hivyo tunavumiliana.

Maelezo msitie. Anayetaka kubishana abishane, na atakayefika pale akakaa kidogo na watu wale asiulize kitu, huyo kitabu kimemfikia.

Sasa sikiliza.

Dadako hakuogopa kitu duniani isipokuwa jogoo. Mbwa aliwafukuza, punda wa kubebea maji aliwapanda bila ruhusa, lakini jogoo wa jirani akiwika yeye alijitia chini ya kitanda, akanena kutoka huko kwamba anatafuta kiatu.

Siku moja, hajafika hata miaka mitano, alipotea. Mtaa mzima ukatoka. Babako alikimbia mpaka forodhani bila viatu, mimi nikagonga milango nikilia. Tukamkuta Ngome ya Yesu, ndani, amezungukwa na wazungu. Alikuwa ameketi juu ya mzinga, miguu inaning'inia, amewaambia mzinga ule ni wa babu yake na kwamba hawaruhusiwi kuugusa mpaka wamwombe. Na walimwomba, Jaffar! Mmoja mmoja, kwa zamu, na mtembeza wageni akiwatafsiria huku amejiziba mdomo asicheke. Mwanamke mmoja mwenye kofia pana alimwomba mara mbili, kwa vile mara ya kwanza hakumwomba kwa adabu.

Nilikwenda kumchapa, nikajikuta nimesimama foleni.

Kila siku aliamka akicheka. Akicheka alishika tumbo kama mzee. Alikuwa akinitilia chumvi kwenye mchuzi nikigeuka, akiamini mimi husahau. Alitaka ndugu wa kiume, na jina alikuwa ameshalichagua. Akasema ataitwa Jaffar, na kwamba yeye ndiye atakayemfundisha kila kitu. Babako hakulisahau jina hilo siku ulipozaliwa. Nami nilidhani ulijua, kumbe ungelijulia wapi?

Kwa miaka saba mtaa huu uliniita Mama Yumna. Muuza samaki, mwalimu wa chuo, watoto barazani, wote. Ilipopita hitima watu wakaliacha, kwa huruma yao, wasinichome. Nikawa sina jina, mtu akinijia huanza na "Dada" au "Wewe". Ulipozaliwa wakafurahi kwa ajili yangu na kwa ajili yao, maana wamepata la kuniita. Na jina lako nimelivaa kwa fahari, wala silivui.

Lakini lile la kwanza halikuwa limekufa. Lilikuwa halina wa kulitumia. Jana nilimwambia Rahaf, nikawaambia na majirani pale mlangoni, na leo asubuhi mtu wa kwanza ameniita hivyo kutoka upande wa pili wa njia, kwa sauti kubwa, mbele ya watu.

Nikaitika.

Wako,
Mama Yumna na Jaffar